Sheria ilisema miezi 24, lakini nani anahesabu?

Mhariri,

Gavana au waziri wa zamani anapofikishwa katika mahakama ya ufisadi Milimani, Nairobi, picha zake akishuka kutoka gari la EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, husambaa kwenye kila simu. Wiki mbili baadaye hakuna anayeulizia. Miaka mitatu baadaye jina lilo hilo liko kwenye mabango ya kampeni, na kesi bado inatajwa tu, haisikilizwi. Wakenya wamechoka, na wengi wameshakata kauli kwamba hakimu amehongwa, mjadala ukaishia hapo. Naomba nafasi niufungue tena, kwa sababu kesi hizi zina mahali hasa zinapokwama, panajulikana, na panaweza kurekebishwa bila kusubiri katiba mpya wala rais mpya.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawajawahi kuambiwa: sheria yetu tayari imeweka muda. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinasema afisa wa umma akishtakiwa kwa ufisadi asimamishwe kazi kwa nusu mshahara hadi kesi iishe, na kikaongezwa sharti kwamba kesi hiyo iamuliwe ndani ya miezi 24. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinamtaka hakimu wa kesi za ufisadi asikilize kesi siku baada ya siku mpaka iishe, kadiri inavyowezekana, hata kama sheria nyingine inasema vingine. Juu ya hayo, Katiba katika Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kucheleweshwa pasipo sababu, na Ibara ya 159 inazitaka mahakama zisicheleweshe haki.

Sasa tazama tarehe. Aliyekuwa gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, alishtakiwa Aprili 2019 na akapatikana na hatia Agosti 2024. Aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, alishtakiwa Julai 2019 kuhusu zabuni ya barabara ya Sh588 milioni. Hukumu yake ilitolewa Februari 2025: miaka 12 gerezani au faini ya Sh53.5 milioni. Hizo ni kesi zilizofika hukumu, na kila moja ilichukua zaidi ya miaka mitano, wakati sheria ilisema miwili. Hakuna aliyeulizwa kwa nini. Hilo ndilo tatizo la sharti la miezi 24: halimtaji wa kuwajibika, halisemi nini kifuatie muda ukipita, kwa hiyo kila mmoja hulipita kama halipo.

Wapo watakaosema mahakama zetu haziwezi kwenda kasi. Zinaweza, na zimethibitisha. Kabla ya Katiba ya 2010, kesi ya kupinga ushindi wa mbunge iliweza kukokotwa hadi bunge likakaribia kuvunjwa, na aliyeibiwa kura akapata haki yake wakati haina faida tena. Katiba ikaweka miezi sita kwa kesi za wabunge na siku 14 kwa ya urais. Mwaka 2017 ombi la kupinga uchaguzi wa rais liliwasilishwa Agosti 18, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi huo, rais akiwa bado madarakani. Mawakili walikuwa wengi, karatasi zilikuwa maelfu, na wahusika ndio wakubwa kuliko wote nchini. Hakuna aliyeomba aahirishiwe kwa wiki tatu kwa sababu wakili wake ana kesi Mombasa, maana alijua angekataliwa.

Tofauti ni nini basi? Twende hatua kwa hatua.

Uchunguzi kwanza. Wananchi hudhani ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikishataja fedha zisizo na stakabadhi, mwizi amepatikana. Mahakamani ripoti hiyo ni swali tu. Upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha mnyororo mzima: nani aliomba zabuni itangazwe, nani alikaa katika kamati ya kuitathmini, nani alitia sahihi mkataba, nani aliidhinisha malipo katika IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, na kwa nywila ya nani, fedha zikaingia akaunti ipi, zikatoka kwenda kwa nani, na kampuni iliyolipwa ni ya nani. Kila pete ya mnyororo huo ina karatasi yake na shahidi wake. Taarifa za benki zinahitaji agizo la mahakama. Umiliki wa kampuni unahitaji CR12, hati ya kuonyesha wenye kampuni, kutoka kwa msajili, na mara nyingi hiyo CR12 ina majina ya shemeji, dereva au karani, wala si ya mkubwa mwenyewe, hivyo lazima ufuatilie fedha mpaka zimfikie. Sahihi inayokanwa inahitaji mtaalamu wa maandishi.

Kisha kuna kitu kidogo kinachoangusha kesi kubwa. Karatasi yoyote iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta, iwe barua pepe, rekodi ya IFMIS au taarifa ya malipo kwa simu, inahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichotiwa sahihi na mtu aliyekuwa na dhamana ya kile chombo au mfumo. Cheti kikikosekana, wakili wa mshtakiwa husimama na kupinga, na kielelezo kilichobeba kesi nzima huondolewa. Kukitayarisha ni kazi ya dakika chache ikiwa kinafanywa siku karatasi inapochukuliwa. Baada ya miaka minne, yule afisa wa teknolojia amehama idara au amestaafu, na kumtafuta ni kazi ya miezi.

Faili ikikamilika, EACC haiwezi kushtaki. Kwa kifungu cha 35 cha ile Sheria ya Ufisadi ya 2003 inaipeleka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, naye ana njia tatu: kukubali mashtaka, kuirudisha faili ikajazwe mapengo, au kuagiza ifungwe. Sheria haimpi DPP siku za kujibu. Faili huenda na kurudi, EACC ikisema imeshamaliza kazi, DPP akisema ushahidi hautoshi, na kila upande ukiuambia umma kwamba mwenzake ndiye anayelaza kesi. Mwananchi anaweza kujua nani anasema kweli. Kifungu cha 36 kinailazimu EACC kutoa kila robo mwaka ripoti ya faili ilizopeleka, na ripoti hizo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Humo utaona faili ilihusu nini, EACC ilipendekeza nini na DPP alisema nini. Ni kurasa zenye faida kuliko mikutano mingi ya wanahabari, lakini ni wachache wanaozisoma.

Kuna ugonjwa mwingine hapa, nao tumeushangilia sisi wenyewe: kukamata watu Ijumaa jioni ili walale korokoroni hadi Jumatatu. Umma hufurahi, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba mshukiwa ameshikwa kabla ya faili kuiva. Jumatatu anasomewa mashtaka, anakana, anapewa dhamana, kisha kiongozi wa mashtaka anaomba muda wa kukusanya maelezo ya mashahidi ambayo yangepaswa kuwa mkononi tangu mwanzo. Katiba inataka mshtakiwa apewe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Asipopewa, kesi haiwezi kuanza, na hapo si yeye anayechelewesha. Kila mtuhumiwa anayekamatwa kwa ajili ya kamera huanza kesi yake akiwa mbele kwa miezi kadhaa.

Hata kabla ya kusomewa mashtaka, mwenye fedha hukimbilia Mahakama Kuu. Huwasilisha ombi la kikatiba akidai haki zake zinakiukwa, na kuomba amri ya muda ya kuzuia asikamatwe wala asishtakiwe. Amri hiyo huweza kutolewa upande mmoja ukisikilizwa peke yake, na ikaitwa ya siku 14. Siku 14 zikiisha upande wa pili hujibu, mwombaji huomba kujibu majibu, jaji huwa likizoni, na ile amri huongezwa kila mara. Haki ya kwenda Mahakama Kuu siipingi hata kidogo. Kuna watu waliwahi kushtakiwa kwa chuki za kisiasa, na mlango huo ndio uliowaokoa. Ninachopinga ni amri ya muda inayoishi miaka.

Mfano ninaoona unatosha ni wa Jersey. Mwaka 2011 kisiwa hicho kiliiomba Kenya iwapeleke huko aliyekuwa waziri Chris Okemo na aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme, Samuel Gichuru, wajibu mashtaka kuhusu hongo iliyodaiwa kupitishwa kwenye kampuni iitwayo Windward Trading. Kesi ya kuwasafirisha ikafunguliwa Nairobi, na mawakili wakaibua swali hili: ni ofisi ipi yenye mamlaka ya kuiendesha, ya Mwanasheria Mkuu au ya DPP? Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema ni ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema ni ya DPP. Miaka kumi ilikwisha, na katika miaka hiyo yote hapakusikilizwa shahidi hata mmoja kuhusu iwapo hongo ilitolewa au haikutolewa. Huko Jersey, kampuni yenyewe ilikiri makosa mwaka 2016 na ikanyang'anywa zaidi ya pauni milioni 3. Swali la ofisi ipi lilikuwa halali, na Katiba ilikuwa mpya. Lakini swali la kisheria tupu, lisilohitaji shahidi, linaweza kuamuliwa na mahakama zote tatu ndani ya mwaka mmoja ikiwa kila ngazi imepewa siku zake, kama inavyofanyika kwa kesi za uchaguzi.

Tuingie sasa chumba cha mahakama, maana hapa ndipo hesabu inapojieleza yenyewe. Chukulia kesi yenye washtakiwa 20, jambo la kawaida katika kashfa za wizara, ambako huburutwa kila mtu kuanzia katibu wa wizara hadi karani wa malipo. Kila mmoja ana wakili wake, na kila wakili ana haki ya kumhoji shahidi. Wakihoji kwa dakika 40 kila mmoja, shahidi mmoja atakaa kizimbani zaidi ya saa 13. Siku ya mahakama, ukiondoa kutajwa kwa kesi nyingine asubuhi na mapumziko, ina kama saa tano za kusikiliza. Shahidi huyo ni karibu siku tatu. Mashahidi wakiwa 50, kesi inahitaji siku 130 hivi. Mahakama ikitoa siku tatu kila baada ya miezi mitatu, yaani siku 12 kwa mwaka, kesi hiyo itachukua miaka 11, hata kama hakuna aliyeugua, hakuna aliyehongwa na hakuna aliyeomba kuahirisha. Ikisikilizwa siku baada ya siku kama kifungu cha 4 kinavyoagiza, itaisha kwa miezi saba.

Na kweli watu huugua. Mshtakiwa mmoja kati ya 20 akileta barua ya hospitali, wote 20 hurudi nyumbani, pamoja na shahidi aliyesafiri kutoka Turkana. Ndiyo maana kuwarundika watu katika shtaka moja ni kosa la kiufundi linalomfaa mkubwa aliye juu ya orodha. Karani aliyetekeleza amri anafaa zaidi kuwa shahidi kuliko kuwa mshtakiwa namba 17. Kesi yenye washtakiwa wanne na mashahidi 12 waliochaguliwa vizuri huthibitisha mengi kuliko ile yenye makumi ya watu na masanduku ya karatasi.

Halafu kuna uhamisho wa mahakimu. Hakimu akihamishwa kesi ikiwa katikati, kifungu cha 200 cha sheria ya taratibu za jinai kinamtaka anayempokea amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Wakili mzuri wa tajiri huiomba haki hiyo. Mashahidi 15 waliokwisha kutoa ushahidi hutafutwa upya: mmoja ameshafariki, mwingine yuko ng'ambo, wa tatu sasa ni mwajiriwa wa kaunti ya mshtakiwa na kumbukumbu zake zimefifia. Uhamisho wenyewe ni utaratibu wa kawaida wa Idara ya Mahakama, haukupangwa kumwokoa mtu. Athari yake ndiyo ile ile. Dawa yake ni rahisi: hakimu mwenye kesi ya ufisadi iliyofika nusu ahame na kesi yake, arudi kwa siku maalum kuimaliza, na wakati huo asipangiwe nyingine.

Kuna upande ambao hauguswi sana katika malalamiko yetu, nao ni ubora wa mashtaka yenyewe. Kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer ilipofunguliwa mwaka 2019, aliyekuwa waziri wa fedha Henry Rotich akiwa miongoni mwa washtakiwa, nchi nzima ilisimama. Desemba 2023 hakimu aliwaachilia. Mashahidi 49 walikuwa wameorodheshwa, wanane tu ndio waliotoa ushahidi, na hakimu aliulaumu vikali upande wa mashtaka kwa namna ulivyoiendesha kesi, ikiwemo kutowauliza mashahidi maswali. Rufaa ilifuata. Ukisoma uamuzi kama huo huwezi kumrukia hakimu. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa hasira za umma. Anaamua kwa kilichowekwa mezani, na kama meza ni tupu, kifungu cha 210 cha sheria ya taratibu za jinai kinamlazimu aseme hakuna kesi ya kujibu. Kiongozi wa mashtaka anayeacha mashahidi 41 nje lazima atoe maelezo kwa maandishi, na maelezo hayo yawe wazi kwa umma.

Ndugu wa tatizo hilo ni kuondoa mashtaka. Chini ya kifungu cha 87 cha sheria hiyo hiyo, mashtaka yakiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huachiliwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilo hilo. Yakiondolewa baada ya hapo, huwa ameondolewa hatia moja kwa moja. Tangu 2010 DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na Ibara ya 157 inamtaka azingatie maslahi ya umma. Novemba 2022, miezi michache tu baada ya uchaguzi, DPP aliondoa kesi ya Sh7.4 bilioni dhidi ya Rigathi Gachagua, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa rais, akisema ushahidi haukutosha. Alikuwa ameshtakiwa Julai 2021. Tuna haki ya kuuliza bila kumhukumu mtu: kama ushahidi haukutosha mwaka 2022, ulitosha vipi mwaka 2021? Jibu lolote kati ya mawili linamgusa DPP. Ama alimshtaki mtu bila ushahidi, na hiyo ni dhuluma kwa mshtakiwa, ama aliiacha kesi yenye ushahidi, na hiyo ni dhuluma kwetu sote. Mahakama inayotoa ruhusa ya namna hii inapaswa kudai ionyeshwe ni ushahidi upi hasa uliopungua kati ya tarehe hizo mbili.

Watu hupenda kulinganisha na mwizi wa kuku anayefungwa siku hiyo hiyo. Ulinganisho huo unauma kwa sababu ni kweli, na sababu yake inafaa kueleweka. Kesi ya kuku ina shahidi mmoja na kielelezo kimoja, na mshtakiwa asiye na wakili mara nyingi hukiri ili yaishe. Asipokiri na akashindwa kulipa dhamana, hukaa rumande, na kila siku ya kuchelewa humuumiza yeye. Aliye nje kwa dhamana ya mamilioni hali yake ni kinyume: kila siku ya kuchelewa humnufaisha. Mashahidi wanazeeka, serikali zinabadilika, maafisa wapelelezi wanahamishwa. Ndiyo maana mfumo unaowategemea wahusika wenyewe wausukume mbele utawafunga walio rumande na kuwaacha walio nje. Dhamana ni haki ya kila mtu na sitaki inyimwe. Nataka masharti yake yaambatane na mwenendo: mshtakiwa aliyeomba kuahirisha mara tatu bila sababu ya kweli asikilizwe upya kuhusu dhamana yake.

Rufaa nayo ina jambo lake. Ibara ya 99 inasema aliyehukumiwa hazuiwi kugombea ubunge mpaka nafasi zote za rufaa ziishe, na Ibara ya 193 inasema hivyo kwa wawakilishi wa kaunti. Mbunge wa Sirisia, John Waluke, alihukumiwa Juni 2020 katika kesi ya mahindi yaliyohusu zabuni ya mwaka 2004. Agosti 2022 alikuwa kwenye karatasi ya kura na akashinda. Baadaye mwaka huo Mahakama Kuu ikaidhinisha hukumu, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Zingatia alivyoumia kila mtu. Kwa uamuzi huo wa mwisho, yeye aliishi karibu miaka minne akiitwa mtu aliyehukumiwa kifungo cha miaka 67. Wapiga kura wake waliingia debeni bila kujua kama wanamchagua mhalifu au mtu aliyeonewa. Rufaa ya kesi ya uchaguzi ina miezi sita. Rufaa ya ufisadi ya mtu anayeshikilia au anayetafuta ofisi ya umma inaweza kupewa miezi hiyo hiyo, na swali la nani anafaa kugombea likajibiwa kabla ya kura badala ya kuachwa hewani.

Fedha zenyewe zisisubiri haya yote. Kudai mali isiyoelezeka ni kesi ya madai, na huko hauhitajiki uthibitisho usioacha shaka, yatosha uzito wa ushahidi kuegemea upande mmoja. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ufisadi kinampa mzigo mwenye mali aeleze aliipataje, na kifungu cha 56 kinaruhusu mali izuiwe kwa miezi sita, ikiongezwa kwa idhini ya mahakama. Kesi ya jinai inapoanza bila mali kuzuiwa, magorofa huwa yameshauzwa kwa majina mengine siku hukumu inapotoka. Tulijifunza hilo vibaya. Goldenberg, kashfa ya malipo ya serikali kwa mauzo bandia ya dhahabu ng'ambo, ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tume ya Jaji Bosire iliyochunguza kashfa hiyo ilikabidhi ripoti mwaka 2006. Anglo Leasing, kashfa ya mikataba ya usalama iliyopewa kampuni hewa, ilifichuka 2004, mashtaka yakafunguliwa 2015, na mwaka mmoja kabla ya mashtaka hayo serikali iliwalipa baadhi ya wenye kampuni hizo zaidi ya Sh1 bilioni ili iweze kuuza dhamana zake ng'ambo.

Nimesikia pendekezo kwamba tunakili tu mfano wa kesi za uchaguzi: miezi 24 ikipita, kesi ife. Naomba lisikubaliwe. Katika kesi ya uchaguzi muda ukiisha anayepoteza ni mlalamishi, kwa hiyo yeye ndiye anayekimbia. Katika kesi ya ufisadi muda ukiisha anayepata ni mshtakiwa, na tungekuwa tumempa sababu ya pili ya kuchelewesha. Adhabu ya kuchelewa imwangukie aliyechelewesha. Upande wa mashtaka usipoleta shahidi siku aliyopangwa, mara ya pili ufunge ushahidi wake, na jina la kiongozi huyo wa mashtaka liende kwa DPP kwa hatua za nidhamu. Wakili wa utetezi akikosa kufika, mshtakiwa alipe gharama za siku hiyo, pamoja na nauli na malazi ya shahidi, kabla ya tarehe nyingine kutolewa. Siku zilizopotezwa na utetezi zisihesabiwe ndani ya miezi 24. Hakimu ambaye kesi yake imepita muda amwandikie Jaji Mkuu barua ya ukurasa mmoja yenye sababu, na barua hiyo iwe wazi kwa umma. DPP apewe siku 90 za kujibu faili ya EACC, na akiirudisha, aandike mapengo yote mara moja, asiongeze mapya kila inapofika.

Nyingi kati ya hizi hazihitaji kura ya maamuzi. Jaji Mkuu anaweza kutoa maelekezo ya utendaji kuhusu uhamisho na tarehe za kusikilizwa. Bunge linaweza kurekebisha kifungu cha 62 kwa kurasa mbili. Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria ya Bunge la Taifa ndiyo ya kuandikiwa, na barua ya mpiga kura yenye nambari ya kifungu husomwa kwa makini kuliko matusi ya mtandaoni.

Nalo gazeti lako, Mhariri, lina uwezo ambao mahakama haina. Chapisha jedwali kila mwezi la kesi za ufisadi zinazowahusu walio madarakani na waliowahi kuwa madarakani: nambari ya kesi, tarehe ya kujibu mashtaka, mashahidi wangapi wameshatoa ushahidi kati ya walioorodheshwa, tarehe ijayo, na nani aliomba kuahirishwa mara ya mwisho. Orodha ya kesi za siku hutolewa na Idara ya Mahakama, maamuzi yako wazi kwenye tovuti ya Kenya Law bila malipo, na mwandishi mmoja akikaa Milimani siku mbili kwa wiki atayapata yaliyosalia. Anza na zilizofunguliwa kabla ya mwaka 2020.

Wakili, Nakuru